Utatuzi wa Matatizo katika Kupima Ukubwa wa Chembe za Unga Laini Sana kwa Leza

Chekeche za kawaida za maabara hufika mwisho wa uwezo wake karibu na mikromita 45 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na hata zile zinazosaidiwa na mkondo wa hewa au maji hutaabika zinaposhuka kuelekea mikromita 20, kwa sababu chembe ndogo kiasi hicho hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu inayozidi uzito unaozivuta zipite kwenye matundu. Ndiyo maana maabara nyingi za saruji, rangi, kauri, dawa na madini hupima unga laini kwa leza. Mashine ya leza ina tabia moja inayorahisisha kazi na wakati huohuo kuihatarisha: haikosi kutoa jibu. Ukiiwekea sampuli iliyochotwa vibaya, maji yasiyofaa au mipangilio isiyolingana na unga wako, bado itachora mkunjo (mstari wa grafu wa ukubwa wa chembe) uliotulia na kuandika D10, D50 na D90 kwa desimali kadhaa. Mpimaji hawezi basi kungoja mashine imwonye, bali lazima asome dalili. Na kwa unga laini sana, chanzo cha dalili nyingi hakimo ndani ya mashine. Kimo katika namna unga ulivyochotwa na kutawanywa kabla mwanga haujaufikia.

Kabla ya kushughulikia dalili yoyote, ni lazima ieleweke namba hizo zinasema nini. Mashine haizioni chembe moja moja. Inapima mwanga uliotawanywa katika pembe mbalimbali, ambapo chembe kubwa hutawanya mwanga karibu na mwelekeo wa mwale na chembe ndogo huutawanya kwa pembe pana, kisha programu hukokotoa ni mchanganyiko gani wa chembe za mviringo kama mpira ungeweza kutoa mpangilio kama huo wa mwanga. Matokeo hutolewa kwa ujazo: D50 ya mikromita 8 ina maana kwamba nusu ya ujazo wote wa unga umo katika chembe zilizo chini ya mikromita 8; D10 na D90 husomwa vivyo hivyo kwa asilimia 10 na 90 ya ujazo. Chembe moja ya mikromita 100 ina ujazo sawa na chembe milioni moja za mikromita 1, kwa hiyo madonge machache tu yanatosha kuipandisha D90 hata kama karibu chembe zote, ukizihesabu, ni ndogo kama inavyotakiwa.

Dalili: kila sampuli inatoa jibu tofauti

Jambo la kwanza ni kutenganisha aina mbili za tofauti. Acha mchanganyiko uleule uendelee kuzunguka katika mashine na uupime mara tano bila kugusa chochote. Halafu safisha mfumo, chota unga upya na upime tena. Ikiwa vipimo vya mchanganyiko mmoja vinakubaliana lakini vya michoto tofauti vinapishana, mashine haina kosa, na kitawanyishi (dawa inayoongezwa kwenye kimiminika ili chembe zisishikane) hakina kosa. Kosa liko katika uchotaji.

Unga mkavu unapotikiswa au kumiminwa hujigawa: chembe kubwa hubingirika pembeni mwa kichuguu na zile laini hubaki katikati. Kijiko kinachochota juu ya chupa huchukua sehemu moja tu ya hadithi hiyo. Jaribio la Allen na Khan la mwaka 1970, lililolinganisha njia za kugawa sampuli, lilionyesha kwamba kuchota kwa kijiko kulileta mtawanyiko wa zaidi ya asilimia 5, kurundika kichuguu na kukigawa robo robo karibu asilimia 7, ilhali kigawanyi kinachozunguka (kifaa kinachoumimina unga kidogo kidogo katika vyombo vinavyozunguka) kilishusha mtawanyiko huo hadi takriban asilimia 0.125. Inafaa kulitilia maanani jambo hili, kwa kuwa njia ya kichuguu na robo bado inafundishwa na kutumiwa sana, na watu huiamini kwa sababu inachukua muda na kuonekana ya uangalifu. Maabara isiyo na kigawanyi kinachozunguka inaweza kupunguza tatizo kwa kugeuza unga kuwa uji mzito: loanisha sampuli nzima iliyogawanywa kwa matone ya kitawanyishi, ikoroge kwa spatula mpaka iwe laini, kisha chota kutoka kwenye uji huo wakati bado inakorogwa. Uji haujigawi kwa urahisi kama unga mkavu.

Ikiwa, kinyume chake, vipimo vya mchanganyiko mmoja vyenyewe havikubaliani, tazama kama vinaruka ovyo au vinasogea upande mmoja. Kuruka ovyo, hasa kwa D90, mara nyingi ni dalili ya chembe kubwa chache ambazo hupita mbele ya leza kwa bahati. Ongeza muda wa kupima na kiasi cha sampuli. Kusogea upande mmoja ni jambo jingine, nalo linahitaji maelezo marefu zaidi.

Dalili: matokeo yanasogea kadiri muda unavyopita

Hapa ndipo namba moja ambayo wengi huipuuza inapokuwa na thamani kuliko D50 yenyewe, nayo ni asilimia ya mwanga unaozibwa na chembe. Mashine zote za leza huionyesha. Isome pamoja na mwendo wa mkunjo, wala usiisome peke yake.

Ikiwa D90 inashuka huku asilimia ya kuzibwa ikipanda, madonge yanaendelea kuvunjika. Uzito wa unga ni uleule, lakini umegawanyika katika vipande vidogo zaidi ambavyo kwa jumla huziba eneo kubwa zaidi la mwale. Hii ni dalili njema. Ina maana tu kwamba ulianza kupima mapema. Washa ultrasoniki, yaani kifaa cha mawimbi ya sauti kinachovunja madonge, kwa muda mfupi, pima, washa tena, pima tena, na uandike matokeo mpaka ufike mahali ambapo namba zinatulia. Muda huo ndio utakaoandikwa katika utaratibu wa unga huo.

Ikiwa D90 inashuka huku asilimia ya kuzibwa nayo ikishuka, chembe kubwa zinatoweka kwenye mzunguko. Huenda zinatuama chini ya bika au kwenye kona za mrija kwa sababu pampu inazunguka polepole mno. Madini mazito, kama ya chuma, hufanya hivyo mapema kuliko kwazi, yaani madini ya mchanga wa kawaida. Ongeza kasi ya pampu hatua kwa hatua: D90 itapanda, kisha itatulia, na ukizidisha kasi hewa itaanza kuvutwa ndani. Fanya kazi katika eneo lile ambalo D90 imetulia.

Ikiwa asilimia ya kuzibwa inashuka lakini D10 inapanda, chembe ndogo ndizo zinazopotea kwanza, na hiyo ni alama ya kuyeyuka. Unga wa sukari, chumvi na dawa nyingi hauwezi kupimwa katika maji ya kawaida. Tumia kimiminika kisichouyeyusha, au maji yaliyokwisha kujazwa dutu ileile hadi yasiweze kuyeyusha zaidi, ukayachuja kabla ya kuyatumia.

Hali ya nne ndiyo inayosumbua zaidi: D50 na D90 zinapanda, na asilimia ya kuzibwa inashuka polepole. Chembe zilizokuwa zimetengana zinarudi kushikana. Katika maabara za pwani yetu, jambo la kwanza la kukagua ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi na maji magumu yenye kalsiamu huondoa ule msukumo wa chaji za umeme unaozitenga chembe, na madonge hujijenga mbele ya macho yako. Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ioni. Jambo la pili ni kiwango cha asidi. Kaolini, yaani udongo mweupe wa kauri, kwa mfano ule wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, ina vibapa ambavyo nyuso zake zina chaji hasi, lakini kingo zake hupata chaji chanya maji yanapokuwa na asidi. Kingo huzikamata nyuso, na kinachopimwa ni nyumba zilizojengwa kwa vibapa badala ya vibapa vyenyewe. Heksametafosfati ya sodiamu hutibu tatizo hili vizuri, kwa kuwa hufunika kingo na kuikamata kalsiamu, ila mmumunyo wake huharibika ukikaa. Utengeneze upya angalau kila mwezi na uandike tarehe kwenye chupa. Jambo la tatu ni ultrasoniki yenyewe: ikiwashwa muda mrefu hupasha maji joto na kuzigonganisha chembe laini kiasi kwamba baadhi hushikana tena, na unga dhaifu unaweza kuvunjika kabisa. Kuongeza muda hakuleti usahihi zaidi baada ya mkunjo kutulia.

Saruji inastahili kutajwa peke yake. Haipimwi katika maji hata kidogo, kwa kuwa huanza kuungana na maji mara moja, na kila dakika unayongoja unapima kitu kipya. Ipime katika isopropanoli au ethanoli isiyo na maji, au ikiwa kavu. Isopropanoli hutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye joto la nyuzi 12 hivi, yaani chini kabisa ya joto la kawaida la vyumba vyetu, kwa hiyo chumba kiwe na hewa ya kutosha, kusiwe na cheche, na kichwa cha ultrasoniki kisiachwe kikifanya kazi bila mtu.

Dalili: kilele cha pili upande wa chembe kubwa

Mkunjo una kilele kimoja kizuri kwenye mikromita 5 au 10, halafu kinatokea kilele kidogo kati ya mikromita 100 na 300 au zaidi. Kuna vyanzo vinne, na kuvitofautisha si kazi ngumu.

Viputo vya hewa ndivyo vya kwanza kushukiwa, hasa ikiwa umetumia sabuni au maji yaliyotoka baridi kwenye jokofu. Simamisha pampu kwa muda, acha hewa ipande, iwashe polepole na upime. Kilele kikitoweka, kilikuwa hewa. Maji yaliyoachwa yakae mpaka yafikie joto la chumba hutoa viputo vichache, na matone mawili ya sabuni isiyotoa povu jingi yanafaa kuliko mmiminiko.

Chanzo cha pili ni tofauti ya joto. Kimiminika kilichopashwa na ultrasoniki au kilichomiminwa kikiwa na joto tofauti na mfumo kina mawimbi ya msongamano yanayoyumbisha mwale, na mashine huusoma myumbo huo kama chembe kubwa sana. Alkoholi huathirika zaidi ya maji, kwa kuwa uwezo wake wa kupinda mwanga hubadilika takriban mara nne zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtu anayepima saruji katika isopropanoli chini ya kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kwenye mashine atauona mzimu huu kila siku. Ngoja joto lilingane, kisha upime usuli (kimiminika kitupu kisicho na unga) upya kabla ya kuweka sampuli.

Chanzo cha tatu ni madonge ambayo hayajatawanyika, na cha nne ni chembe kubwa za kweli: punje za klinka (mabonge yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji) ambazo kinu hakikuzisaga, mchanga uliobaki katika kaolini, au uchafu wa sampuli iliyotangulia. Ultrasoniki itapunguza madonge lakini haitagusa punje ngumu. Hata hivyo hukumu ya mwisho itolewe na hadubini. Tone moja la mchanganyiko uleule kwenye kioo, likitazamwa kwa ukuzaji wa mara mia moja au mia nne, humaliza ubishi ambao vipimo kumi vya leza haviwezi kuumaliza. Mtu anayepima unga laini bila kuutazama kwa hadubini anakisia.

Dalili: kilele cha ajabu chini ya mikromita 1

Kilele hiki mara nyingi hakimo katika unga. Kimo katika hesabu. Programu nyingi hutoa nafasi ya kuchagua kati ya nadharia ya Fraunhofer, ambayo huichukulia chembe kama kisahani kisichopitisha mwanga, na ile ambayo Gustav Mie aliichapisha mwaka 1908, ambayo huhesabu pia mwanga unaopita ndani ya chembe na kupinda. Kwa chembe kubwa kuliko mikromita 50 hivi tofauti ni ndogo. Kwa chembe laini zinazopitisha mwanga, nadharia ya Fraunhofer hukutana na mwanga uliopita ndani, haina maelezo yake, na huuandika kama chembe ndogo sana ambazo hazipo. Tumia nadharia ya Mie kwa kila unga wenye sehemu kubwa chini ya mikromita 10.

Nadharia ya Mie nayo inadai namba mbili kutoka kwako: kipeo cha mpindo wa mwanga na kiwango cha kunyonya mwanga. Kwazi ina kipeo cha 1.54, kaolini karibu 1.56, saruji hukadiriwa 1.7, na rutili, yaani titani dioksidi ya rangi nyeupe, hufika karibu 2.7. Kalsaiti ina vipeo viwili, 1.49 na 1.66, kutegemea mwelekeo wa mwanga ndani ya fuwele, hivyo wapimaji hutumia thamani ya katikati. Maji ni 1.33. Kiwango cha kunyonya ndicho kinachowaangusha wengi: kukiweka sifuri kwa unga wa kijivu, au 1 kwa unga mweupe, kunatosha kuzusha kilele cha uongo. Badilisha kiwango hicho kutoka 0.001 hadi 0.01 na 0.1 ukitumia data ileile iliyohifadhiwa, na utazame ni wapi mwanga uliokokotolewa unakaribiana zaidi na mwanga uliopimwa katika vigunduzi vya pembe pana. Usichague thamani kwa sababu inakupa D50 unayoitaka.

Kosa jingine linaloelekea upande huohuo ni kuweka unga mwingi mno. Mwanga uliotawanywa na chembe moja hugonga nyingine kabla ya kutoka, pembe zinapanuka, na unga unaonekana laini kuliko ulivyo. Punguza unga hadi nusu. D50 ikipanda, ulikuwa umezidisha. Kwa unga ulio karibu na mikromita 1 au chini yake, asilimia ya kuzibwa ya 5 hadi 10 inatosha.

Dalili: kipimo cha unga mkavu hakilingani na cha majimaji

Katika upimaji mkavu, hewa iliyogandamizwa ndiyo hutenganisha chembe. Shinikizo dogo huacha madonge, na shinikizo kubwa husaga. Pima kwa baa 0.5, 1, 2, 3 na 4, kisha uweke matokeo kando ya kipimo cha majimaji kilichotawanywa vizuri. Shinikizo linalotoa mkunjo unaofanana na wa majimaji ndilo sahihi. Ikiwa D50 inaendelea kushuka kwa kila baa unayoongeza bila kutulia, unga unavunjika, na ni heri kuuacha upimaji mkavu kwa unga huo. Unyevunyevu wa pwani huzidisha mshikano, kwa hiyo sampuli ikaushwe kwa joto lisiloibadilisha: jasi iliyomo katika saruji, kwa mfano, huanza kupoteza maji yake katika tanuri la nyuzi 105. Kifyonza vumbi kiwe kinafanya kazi na barakoa ivaliwe, kwa kuwa vumbi laini la silika yenye fuwele liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997.

Dalili: leza inapingana na njia nyingine

Malalamiko haya hufika maabara mara nyingi kuliko mengine, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Haidromita, kifaa kinachoelea katika mchanganyiko wa unga na maji, hupima kasi ya kutuama, na kibapa cha kaolini hutuama polepole kama chembe ndogo, ilhali leza huuona upana wake. Kwa hiyo leza itaionyesha kaolini kuwa na chembe kubwa kuliko haidromita inavyosema. Tofauti hiyo ni ya umbo, wala hairekebishwi kwa kubadilisha mipangilio.

Hata hivyo haidromita ina kosa lake la kweli katika nchi za joto. Chembe ya kwazi ya mikromita 2 hutuama sentimita 10 katika maji ya nyuzi 20 kwa takriban saa 7 na dakika 40. Kwenye nyuzi 30 mnato wa maji hupungua na muda huo hushuka hadi saa 6 na dakika 10 hivi. Anayesoma kwa jedwali la nyuzi 20 ndani ya chumba cha nyuzi 30 anaripoti mikromita 2 wakati anapima 1.8.

Kwa saruji, mzozo huwa kati ya leza na kipimo cha Blaine, njia ambayo R. L. Blaine wa Marekani aliieleza mwaka 1943, na ambayo hupima upinzani wa hewa inayopita katika tabaka la unga lililogandamizwa, kisha kutoa eneo la uso kwa kila gramu. Haitoi ukubwa wa chembe hata mara moja. Saruji yenye pozolana (unga wa aina ya majivu ya volkano) au mawe ya chokaa, ya aina zinazouzwa sana Kenya na Tanzania, inaweza kuwa na Blaine ya juu huku mabaki juu ya chekeche ya mikromita 45 nayo yakiwa mengi, kwa sababu viambato laini husagika upesi na kuongeza eneo la uso, ilhali klinka ngumu imebaki na punje kubwa. Leza huonyesha hali hii kama mkunjo mpana, na wakati mwingine wenye mabega mawili. Mhandisi wa kinu anayeangalia Blaine peke yake ataamini kwamba usagaji umekamilika. Ikiwa Blaine inaonekana ya ajabu hata kwa saruji isiyo na viambato hivyo, kagua uvujaji wa hewa kwenye kiungo cha silinda na kwenye bomba, karatasi ya kichujio iliyokunjika, na msongamano wa unga uliotumika kukokotoa uzito wa kuweka, kwa sababu saruji ya pozolana ni nyepesi kuliko ile ya kawaida na ukitumia namba ya saruji ya kawaida tabaka litakuwa limebanwa kupita kiasi.

Lini ushuku mashine yenyewe

Pima usuli, yaani kimiminika kitupu, kabla ya kila sampuli. Usuli mzuri huanza juu kwenye vigunduzi vya katikati na kushuka bila vilima. Kilima kinachobaki baada ya kubadilisha maji mara mbili kinaonyesha dirisha chafu au lililokwaruzika. Lifute kwa karatasi ya lenzi na isopropanoli, kamwe si kwa kitambaa cha kawaida. Mwanga wa leza ukishuka kwa ghafla, mwale haujalingana na tundu la kigunduzi, au kuna unyevu nje ya dirisha, jambo linalotokea maji baridi yanapoingizwa katika chumba chenye hewa ya joto na mvuke.

Mwishowe pima shanga za kioo zenye cheti, ukitumia chupa yote kwa mara moja kama cheti kinavyoelekeza, maana ukigawa chupa hiyo kwa kijiko unarudi kwenye kosa la uchotaji. Shanga zikitoa namba zilizo ndani ya mipaka ya cheti, mashine ni nzima, nawe urudi kwenye chupa ya sampuli, kimiminika na kitawanyishi. Zikitoka nje ya mipaka hata baada ya kusafisha na kulinganisha mwale, acha kupima na umwite fundi. Katika kila ripoti andika kimiminika, kitawanyishi na kipimo chake, muda wa ultrasoniki, kasi ya pampu, asilimia ya kuzibwa, nadharia iliyotumika na namba zote mbili za mwanga, kwa kuwa D50 isiyoambatana na maelezo hayo haiwezi kulinganishwa na D50 ya maabara nyingine, wala na ya maabara ileile mwaka ujao.